Mgonjwa wa Moyo na Mizani



Wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge wanaijua mizani vizuri. Siku ya soko mtumba unapopandishwa, kila mtu anakaza macho. Kilo moja ikipotea, fedha imepotea. Lakini ukimwuliza mkulima huyo huyo, "Na wewe mwenyewe una kilo ngapi?", mara nyingi anacheka tu. Hajui.

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, kutojua uzito wake ni upungufu. Kwa mtu aliyeugua moyo akaruhusiwa kutoka hospitali, ni hatari.

Tazama jambo linalotokea katika nyumba nyingi. Mgonjwa anarudi nyumbani kutoka hospitali ya mkoa, yaani Kitete, au kutoka Nkinga, au Ndala. Amekonda. Ndugu wanasema: "Ale, anenepe, apate nguvu." Kuku anachinjwa, supu inatiwa chumvi ya kutosha. Mgonjwa anakatazwa kuinuka kitini. Baada ya wiki mbili mashavu yamejaa, miguu imejaa, tumbo limejaa. Majirani wanafurahi: "Mwili umerudi!" Baada ya siku chache mgonjwa hawezi kulala chali, anahema usiku kucha. Kumbe kilichorudi hakikuwa mwili. Yalikuwa maji.

Katika somo la leo tutajifunza mambo manne:

1. Kwa nini uzito wa mwili una maana kwa moyo unaopata nafuu.
2. Aina tatu za uzito: maji, mafuta na nyama.
3. Namna ya kujipima na kuandika.
4. Kutembea, kazi na chakula.

Chukua kalamu na daftari. Zipo hesabu ndogo ndogo za kufanya.

KAZI YA MOYO

Moyo ni pampu. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Mtu mzima akiwa amepumzika, moyo wake hupiga kiasi cha mara 70 kwa dakika, na husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika hiyo moja.

Hebu tupige hesabu. Lita 5 mara dakika 60 ni lita 300 kwa saa. Lita 300 mara saa 24 ni lita 7,200 kwa siku. Dumu la maji ni lita 20. Gawanya 7,200 kwa 20. Utapata madumu 360. Fikiri mtu mmoja akichota kisimani madumu 360 kila siku, bila Jumapili wala Idi. Hiyo ndiyo kazi ya moyo wako.

Pampu hiyo inaweza kuchoka. Madaktari wanasema moyo umeshindwa kufanya kazi. Haina maana kwamba umesimama. Maana yake ni kwamba unasukuma, lakini hautoshi. Damu inachelewa, na maji yanabaki katika miguu, tumbo na mapafu.

Ni nini kinachouchosha? Hapa kwetu adui mkubwa ni shinikizo la damu, ambalo wengi tunaliita presha. Katika uchunguzi mmoja uliofanywa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, wagonjwa 427 wenye moyo ulioshindwa walichunguzwa. Katika kila wagonjwa 100, karibu 45 chanzo chao kilikuwa presha. Tena hawakuwa wazee sana. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 55. Huo ni umri wa mtu anayelima bado, anayesomesha bado.

Zipo sababu nyingine pia. Mtoto anaweza kuumwa koo, asitibiwe, na baadaye vali za moyo zikaharibika. Mama anaweza kupata udhaifu wa moyo katika mwezi wa mwisho wa mimba au katika miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua. Kwa hiyo mzazi anayevimba miguu na kukosa pumzi asiambiwe, "Ni uchovu wa uzazi tu." Wala asiambiwe ametupiwa kitu na jirani. Apelekwe zahanati.

SOMO KUTOKA KWA WAPAGAZI

Sisi wa Tabora tunaishi kwenye njia ya zamani ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi hapa, na kutoka hapa hadi Ujiji, mizigo ilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Frasila moja ni kiasi cha kilo 16, kwa hiyo frasila mbili ni kilo 32.

Wageni wawili, Richard Burton na John Speke, walitoka pwani mwezi Juni 1857. Walifika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba. Safari ya miezi zaidi ya minne! Sasa wale wapagazi walikuwa na desturi yenye akili. Siku ya kwanza hawakwenda mbali. Walitoka mjini, wakatembea kidogo, wakapiga kambi. Hapo mizigo ilitazamwa upya na kufungwa vizuri. Safari ndefu ilianza baadaye, siku hadi siku. Na walipofika Tabora walipumzika kabla ya kuendelea.

Moyo unaopata nafuu ni kama mpagazi aliyeugua njiani. Hatumtupii mzigo ule ule siku ya kwanza. Lakini pia hatumwachi amelala kambini mwaka mzima, kwa maana miguu yake itasahau njia. Tunapunguza mzigo. Tunaanza na mwendo mfupi. Tunaongeza pole pole. Na kila siku tunautazama mzigo.

Kazi hii ya kumrudishia mgonjwa nguvu zake kwa mpango inaitwa utengamao. Ina mazoezi, chakula, dawa, mafunzo na kupimwa mara kwa mara. Siyo dawa peke yake.

ZAMANI MGONJWA ALILAZWA TU

Usidhani ni sisi tu tunaomkataza mgonjwa asiinuke. Hata Ulaya na Marekani, zamani mtu aliyepata mshtuko wa moyo alilazwa kitandani wiki sita, pengine zaidi. Wengine misuli iliisha. Wengine damu iliganda miguuni.

Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, walieleza faida ya kumkalisha mgonjwa kwenye kiti mapema. Mwaka 1955 Rais wa Marekani, Dwight Eisenhower, alipata mshtuko wa moyo. Mmoja wa madaktari wake, Paul Dudley White, alikuwa mtu anayeamini sana kutembea na kuendesha baiskeli. Rais hakufichwa kitandani daima. Alirudishwa kwenye kazi kidogo kidogo, na mwaka 1956 alichaguliwa tena. Watu wengi waliona kwamba kuugua moyo siyo mwisho wa kazi.

Leo madaktari wana ushahidi wa kutosha kwamba mgonjwa anayefanya mazoezi ya mpango harudi hospitali mara kwa mara kama yule anayekaa tu. Huko Eldoret, nchini Kenya, madaktari wamejaribu njia mbili: wagonjwa wengine kufanya mazoezi hospitalini, na wengine kuyafanya nyumbani kwao. Njia ya nyumbani inatuhusu sana sisi tunaokaa mbali. Hapa nchini tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Lakini Dar es Salaam ni mbali. Mgonjwa wa Ng'ambo au wa Sikonge hawezi kwenda huko kila wiki. Sehemu kubwa ya utengamao wake itafanyika uani kwake, kwa msaada wa zahanati yake na ndugu zake. Ndiyo maana lazima wote tujifunze.

UZITO WA AINA TATU

Mizani inakupa namba moja. Lakini ndani ya namba hiyo mna vitu mbalimbali. Kwa somo letu tutazame vitatu.

Kwanza, MAJI. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Moyo ukichoka, maji yanabaki mwilini na uzito unapanda upesi, kwa siku mbili tatu. Hakuna mtu anayenenepa kwa mafuta kilo mbili kwa siku tatu. Ukiona hivyo kwa mgonjwa wa moyo, fikiri maji kwanza.

Pili, MAFUTA. Haya yanapanda pole pole, kwa miezi. Mafuta mengi, hasa ya kiunoni na tumboni, yanaongeza presha na yanaleta kisukari. Kila kilo ya ziada ni mzigo ambao moyo unaubeba mchana na usiku, bila kuutua. Kwetu watu wanasema kitambi ni dalili ya raha. Moyo hausemi hivyo.

Tatu, NYAMA, yaani misuli. Hii ndiyo nguvu ya kutembea, kulima na hata kuvuta pumzi. Mgonjwa wa moyo wa muda mrefu anaweza kupoteza misuli bila kukusudia. Anakonda mabega, mapaja na mashavu. Hili nalo ni jambo la hatari.

Hapa pana fundisho. Kwa miaka mingi madaktari walishangaa. Waliona kwamba kati ya watu ambao moyo wao umekwisha kushindwa, wanene walionekana kuishi kuliko wembamba. Wengine wakauliza: basi unene ni dawa? Jibu ni hapana. Wembamba wengine walikuwa wamekondeshwa na ugonjwa wenyewe. Tena mizani haitofautishi mafuta na misuli. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi uliolinganisha kiuno na urefu wa mtu, badala ya kutazama uzito peke yake. Ile faida ya unene ikatoweka. Kwa hiyo tusimnenepeshe mgonjwa kama dume la sikukuu, wala tusimkondeshe kwa njaa. Tunataka maji yasizidi, mafuta yapungue yakiwa mengi, na misuli ibaki.

JINSI YA KUJIPIMA

Mgonjwa ambaye moyo wake umechoka ajipime kila siku, akiweza. Afuate mambo haya:

(a) Apime asubuhi, baada ya kwenda haja, kabla ya kula.
(b) Avae nguo nyepesi zile zile. Avue viatu.
(c) Atumie mizani ile ile, kwenye sakafu ngumu iliyo sawa.
(d) Aandike tarehe na kilo katika daftari. Asitegemee kichwa.

Kama nyumbani hakuna mizani, aulize zahanati au mhudumu wa afya ya jamii. Kikundi kinaweza kuchanga kununua mizani moja ya kukanyaga ikakaa nyumba moja ya katikati. Kama hata hiyo haipo, tumia vidole na macho. Bonyeza mguu juu ya kifundo, au ugoko, kwa kidole gumba. Hesabu mpaka kumi. Achia. Shimo likibaki, miguu ina maji. Tazama pia ndala: je, zinabana jioni? Na mito ya kulalia: je, jana ulitumia mmoja na leo unataka mitatu?

Kwa habari ya mafuta ya kiunoni, kamba inatosha. Pima urefu wako kwa kamba, kutoka utosini hadi kisiginoni. Ikate hapo. Ikunje katikati. Sasa zungusha kiunoni, juu kidogo ya kitovu. Ncha zikikutana bila kuvutwa, vizuri. Zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu wako, na ni vyema kupunguza. Kipimo hiki hakimfai mama mjamzito wala mtu ambaye tumbo lake lina maji.

MIFANO MITATU YA HESABU

Watu hawa ni wa mfano tu, kwa ajili ya somo.

Mfano wa kwanza: mzee mrina asali. Daftari lake linasema hivi:

Jumatatu: kilo 58
Jumanne: kilo 58
Jumatano: kilo 58 na nusu
Alhamisi: kilo 59 na nusu
Ijumaa: kilo 60 na nusu

Kutoka Jumanne hadi Ijumaa ni siku tatu. 60 na nusu toa 58 ni kilo 2 na nusu. Kanuni tunayopewa ni hii: uzito ukizidi kwa zaidi ya kilo 2 katika siku 3, usingoje. Nenda zahanati au hospitali siku hiyo hiyo. Mzee huyu ana kama lita mbili na nusu za maji yaliyozidi. Akienda Ijumaa, pengine atabadilishiwa vidonge vya kutoa maji na kurudi nyumbani. Akingoja wiki moja, atapelekwa amebebwa.

Mfano wa pili: mama mwuza vitumbua wa Ng'ambo. Ana presha, moyo wake umeanza kuchoka, na ana kilo 84. Miguu haina maji. Kamba haikutani kiunoni. Mganga amemwambia apunguze kilo 5 katika kila 100 za uzito wake. Hesabu: 84 mara 5, gawanya kwa 100, ni kilo 4 na kidogo. Akipunguza nusu kilo kwa wiki, itamchukua kama wiki nane au tisa. Siyo kazi ya siku moja, wala haifai iwe ya siku moja. Anayeacha kula kabisa anapoteza misuli pamoja na mafuta.

Mfano wa tatu: baba fundi baiskeli. Miezi sita iliyopita alikuwa na kilo 62. Leo ana kilo 56, na hakukusudia kupungua. Amepoteza kilo 6. Ni karibu kilo 10 katika kila 100. Mgonjwa wa moyo akipoteza zaidi ya kilo 5 katika kila 100 bila kukusudia, amweleze mganga. Majirani wanaanza kunong'ona kuhusu UKIMWI, naye anajificha ndani kwa aibu. Kujificha ndiko kunakoua. Aende apimwe yote: moyo, kifua kikuu, virusi, sukari na damu. Kila kimoja kina matibabu.

Angalia pia udanganyifu mmoja wa mizani. Mtu anaweza kupoteza kilo 3 za nyama, akaongeza kilo 3 za maji. Mizani itasema "hakuna kilichobadilika." Ndiyo sababu tunatazama mizani, miguu, na mabega pia.

MAZUNGUMZO: MZEE AMENYIMWA JEMBE

Someni mazungumzo haya kwa sauti katika kikundi. Watu watatu wasome: Mganga wa zahanati, ambaye ni mwanamke kijana, Mzee, na Bibi, mke wa Mzee.

MGANGA: Shikamoo mzee. Shikamoo bibi.
MZEE: Marahaba mwanangu. Huyu bibi yako amenificha jembe. Mwezi wa pili sasa.
BIBI: Nimficheje nisimfiche? Moyo wake mbovu. Kaa, ule, upumzike. Nikikosea mimi si nitakuwa mjane?
MGANGA: Bibi, unafanya kwa upendo. Hebu tutazame daftari. Kilo 58, 58, 58. Miguu haina shimo. Mzee, usiku unalalaje?
MZEE: Nalala vizuri. Mto mmoja.
MGANGA: Basi uko tayari kwa mwendo mfupi. Wiki hii tembea dakika tano asubuhi na dakika tano jioni.
MZEE: Dakika tano! Hata kwenye mizinga sifiki.
MGANGA: Hufiki, ndiyo. Wiki ijayo dakika kumi. Halafu kumi na tano. Halafu ishirini. Mizinga utafika, lakini kwa zamu.
BIBI: Na akizidisha, mwanangu, mimi nitajuaje?
MGANGA: Tembea naye, bibi, mkipiga hadithi. Akiweza kuzungumza vizuri huku anatembea, mwendo unafaa. Akishindwa kumaliza sentensi, punguzeni. Kifua kikiuma, kichwa kikizunguka, au moyo ukienda mbio ovyo, asimame, akae, mniite.
MZEE: Na jembe?
MGANGA: Jembe baadaye. Anza na kumwagilia mchicha. Kuinua gunia au kupasua magogo, bado.
BIBI: Haya. Jembe nitalitoa uvunguni, lakini siyo leo.

KUTEMBEA NA KAZI

Mambo ya kushika ni haya. Mgonjwa asianze mazoezi kabla ya kupimwa na kuruhusiwa. Kila mtu na mpango wake. Mwenye maumivu ya kifua, au anayehema akiwa amekaa tu, au aliyevimba, asitembee kwanza. Atibiwe kwanza.

Aliyeruhusiwa atembee asubuhi au jioni, siyo jua la saa saba la mwezi wa Oktoba. Chini ya miembe yetu kuna kivuli cha kutosha. Atembee siku nyingi za wiki, na pole pole afike dakika 30 kwa siku. Dakika 30 mara siku 5 ni dakika 150 kwa wiki, na hicho ndicho kiasi wanachoshauriwa watu wazima wote. Kuinuka kwenye kigoda na kukaa tena, mara tano au kumi, kunajenga misuli ya mapaja. Hakuhitaji fedha.

Mazoezi peke yake hayapunguzi unene mwingi. Faida yake kubwa ni kulinda misuli na kuufundisha mwili kutumia damu vizuri. Kupunguza mafuta kunataka chakula pia.

CHAKULA NA CHUMVI

Chumvi huvuta maji na kuyashika mwilini. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, kwa vyakula vyote pamoja.

Tupime nyumba zetu. Pakiti ya nusu kilo ina gramu 500. Gawanya kwa gramu 5. Ni siku 100 kwa mtu mmoja. Kama nyumba ina watu wazima watano, gawanya 100 kwa 5. Ni siku 20. Kama pakiti yenu inakwisha siku 10, mnakula chumvi mara mbili ya kiasi. Andika tarehe juu ya pakiti siku unapoifungua. Utaona mwenyewe.

Chumvi ni mali ya zamani katika njia hii yetu. Uvinza wametengeneza chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Tunaiheshimu. Lakini ibaki jikoni, isikae mezani. Dagaa na samaki wa chumvi waloweke, maji yamwagwe, ndipo wapikwe. Tumia ndimu, nyanya, kitunguu na tangawizi kuleta ladha.

Anayetakiwa kupunguza mafuta apunguze vitu vya kukaanga, sukari na ukubwa wa tonge. Ajaze sahani kwa mlenda, mchicha, kisamvu na maharage. Asali ya Tabora ni nzuri, lakini mwilini nayo ni sukari. Asinywe pombe, asivute tumbaku. Tumbaku tuiuze kama tunavyoiuza, lakini isiingie kifuani kwa mgonjwa.

Aliyekonda ale kidogo kidogo mara nyingi: uji wenye karanga zilizosagwa, maziwa, mayai, choroko, kunde, samaki. Michembe na matobolwa vinashibisha, lakini peke yake havijengi misuli. Vichanganywe na karanga au maharage.

Habari ya maji ya kunywa, kila mgonjwa afuate kiasi alichopewa na mganga wake. Asijinyime kwa kusikia ya mwenzake. Akiharisha au kutapika, na uzito ukashuka ghafla, aende zahanati upesi, kwa sababu vidonge vya kutoa maji vinaweza kumdhuru siku hizo.

DAWA ZISIKATISHWE

Wengi wanaacha dawa wakipata nafuu. Wanasema, "Nimepona, kwa nini nimeze?" Umepata nafuu kwa sababu unameza. Usipunguze wala kuacha bila kuambiwa. Na ukinywa dawa za miti shamba, mwambie mganga bila kuficha, ili ajue zisigombane na vidonge.

TUJIFUNZE PAMOJA

Mwaka 1973 wazazi wetu walikaa kwenye vikundi vya redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni mbili walishiriki. Walijifunza habari za malaria, safura, kichocho na maradhi mengine, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Hawakungoja kila mtu awe daktari. Walisoma, wakajadili, wakatenda. Leo presha na moyo vimeingia vijijini. Njia ni ile ile. Anayejua kusoma namba za mizani na kuandika tarehe ana silaha mkononi. Ampimie na jirani asiyejua kusoma.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kunenepa upesi baada ya kutoka hospitali kunaweza kuwa hatari?
2. Mgonjwa alikuwa na kilo 65 Jumamosi. Jumanne ana kilo 67 na nusu. Amezidi kilo ngapi? Afanye nini?
3. Mtu ana kilo 90. Ameambiwa apunguze kilo 5 katika kila 100. Apunguze kilo ngapi?
4. Pakiti ya chumvi ya nusu kilo itumike siku ngapi kwa watu wazima wanne?
5. Katika kijiji chenu mizani ya watu iko wapi? Nani anaweza kuitumia, na siku gani?
6. Je, ni haki kumficha mgonjwa jembe? Lini ndiyo, lini hapana?

MANENO MAPYA

Utengamao: kumrudishia mgonjwa nguvu na uwezo wake kwa mpango.
Misuli: nyama za mwili zinazofanya kazi ya kujongea.
Vali: milango midogo ndani ya moyo, inayozuia damu isirudi nyuma.
Wastani: namba ya katikati inayowakilisha namba nyingi.

KAZI YA WIKI HII

Jipime uzito na kiuno. Andika tarehe. Kisha mpime mtu mmoja wa nyumbani mwenye presha, na umsindikize kwenda kupima presha yake zahanati. Njoo na daftari kikundini.

Majibu: swali la 2, kilo 2 na nusu, aende zahanati siku hiyo. Swali la 3, kilo 4 na nusu. Swali la 4, siku 25.